Bakuli la Baridi

Jikoni kwangu sipiki na manjano. Wageni wakiuliza nasema tumbo langu haliyapendi, na Mama akiwepo hugeuza uso dirishani kama hajasikia. Tumbo langu halina neno. Ni kwamba mtu akifungua kopo la manjano mbele yangu, kabla hata kijiko hakijaingia, Baba anakuwa ameketi sakafuni kwenye fleti yetu ya South Beach, Durban, miguu kaikunja, kitambaa cha njano mapajani, ananiambia nisogee nisimzibie mwanga. Halafu anaondoka tena. Nani anataka kuondokewa kila akipika wali?

Ninyi mliokulia kwenye maghorofa yale mnayakumbuka. Lifti iliyokuwa ikifanya kazi siku inazotaka yenyewe, nguo zimeanikwa mpaka kwenye korido, harufu ya chumvi imechanganyika na mafuta ya kukaangia. Na Kiswahili cha kila aina kwenye ngazi: Wakongo chini, Watanzania juu, sisi Warundi katikati, na wanafunzi wa Kikenya waliotusahihisha bila kuombwa. Fleti yetu ilikuwa ya chumba kimoja, pazia katikati. Upande mmoja Baba na Mama, upande mwingine mimi na kabati. Kwenye kabati hilo ndimo mlimokuwa na vitu vya Baba.

Baba alikuwa na duka dogo Isipingo, karibu na kituo cha taxi, akiuza mitumba kutoka Japani. Si nguo, vyombo. Makontena yalifunguliwa kwenye ghala moja huko Mobeni, na watu kama yeye walikwenda kununua maboksi bila kujua ndani mna nini. Unapata vikombe, baiskeli isiyo na mnyororo, jiko la wali lisilo na waya, mdoli wa jicho moja. Na mara nyingine, chini kabisa, unakuta visanduku vya mbao. Mbao nyeupe, nyepesi hata mtoto anabeba kwa vidole, kifuniko kimeandikwa kwa brashi, na kisanduku chote kimefungwa kamba bapa ya kufumwa. Unafungua kamba, unainua kifuniko, unakuta kitambaa cha njano. Unafungua kitambaa, unakuta kitu kimoja tu. Bakuli. Sahani. Birika la chuma. Kitu cha zamani kweli kweli, cha mikono ya watu waliokwisha kufa.

Mwanzoni Baba alifanya kama wenzake wote pale. Kitu aliweka rafuni, kisanduku alimpa mama wa mahindi. Huyo alikuwa akichoma mahindi mbele ya duka, na mbao zile, mimi mwenyewe shahidi, zilishika moto upesi kuliko karatasi. Baba akipewa hindi la bure, mimi nikipewa lililoungua kidogo, kila mtu ameridhika.

Mpaka Jumamosi moja alipokuja Uncle Percy. Durban mzee Mhindi unamwita Uncle hata kama hamjuani, na huyu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini, aliyekusanya vitu vya Kijapani tangu ujana wake. Alikuwa mteja wa Baba, mteja wa kunung'unika. Siku hiyo alifika akamkuta mama wa mahindi ametia kifuniko motoni. Mzee akapiga ukelele mpaka watu wa foleni ya taxi wakageuka, akachomoa kifuniko kwa fimbo yake, akakikanyaga kanyaga kuzima moto.

"Eish, Uncle!" mama wa mahindi akasema. "Ni mbao tu hiyo!"

Uncle Percy alikishika kile kipande kilichoungua, na nikaona macho yake yamelowa. Akamwambia Baba kwa Kiingereza, polepole, kama anamfundisha mtoto, kwamba maandishi yale ni jina la bakuli na jina la aliyelitengeneza. Bakuli likitengwa na kisanduku chake, akasema, hakuna atakayeliamini. Ni kama mtu asiye na karatasi.

Kiingereza cha Baba kilikuwa cha kuokota, lakini neno "papers" angelielewa hata usingizini.  Kisha akamnyang'anya mama wa mahindi rundo lote lililobaki, akamnunulia mkaa.

Basi, ukaanza ugonjwa wa Baba. Chochote kilichokuja na kisanduku chake hakikupelekwa tena dukani, kilikuja nyumbani. Mama alisema tumekuwa ghala dogo la Mobeni. Uncle Percy alimfundisha Baba namna Wajapani wenyewe wanavyovitunza: vyote vinalala kwenye visanduku, kinatoka kimoja tu, kinakaa mahali pake peke yake, na majira yakibadilika kinarudi kulala, kinatoka kingine. Kwa hiyo juu ya kabati la televisheni, mahali Mama alipokuwa ameweka maua yake ya plastiki, pakawa panakaa kitu kimoja cha Baba.

"Vingine vyote vinafanya nini humo ndani?" Mama aliuliza.

"Vinapumzika."

"Mimi ndiyo sipumziki, vyungu vya Wajapani vinapumzika!"

Vitambaa vya zamani vilikuwa vimeoza. Uncle Percy akasema rangi ile ya njano ni manjano, haya haya ya mchuzi, na wadudu hawayapendi. Baba akanunua mfuko mzima kwenye duka la viungo, akachana shuka, akachemsha. Mama alirudi kutoka kusuka watu nywele, akainusa nyumba, akafunua sufuria yake ya ugali. "Baba Divine," akasema taratibu, na akisema taratibu ujue kuna mtu ataumia, "hiyo si shuka yangu ya harusi?" Tukala ugali wa njano siku nyingi. Hata mkate wangu wa shuleni ulinuka mchuzi.

Sasa niwaeleze nilivyoelewa mimi, maana kichwa cha mtoto kina hesabu zake.

Nyuma ya mlango wetu palikuwa na begi. Nyumba nyingi za wageni zilikuwa nalo. Ndani karatasi zetu, sweta zetu, biskuti, taulo. Lilikuwepo tangu siku maduka ya wageni yalipovunjwa na sisi tukaenda kulala kanisani, na Mama hakulifungua tena ila kubadilisha biskuti. Na ghorofa ya chini palikuwa na rafiki yangu Gloria, mtoto wa Kikongo. Siku moja nilimkuta mama yake ameketi anafunga sahani kwenye vipande vya kitenge, moja moja, huku anaimba wimbo wa kanisani. Kesho yake mlango wao ulikuwa na kufuli. Walikuwa wamepata kuhamia Kanada. Kwangu mimi, basi, jambo lilikuwa wazi: mtu akifunga vyombo kwenye vitambaa, anaondoka.

Na Baba kila Jumapili, tukitoka kanisani, alikuwa akivua viatu, anakaa sakafuni, anafungua visanduku vyake, anavifuta vitu, kisha anavifunga. Taratibu. Kwa raha. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, ile raha. Hakuonekana kama mtu anayelazimishwa. Nilikuwa nikimtazama vidole, nikijiuliza ataondoka nasi au atatuacha, na kwa nini Mama anamenya viazi kama hakuna kitu.

Nikaamua nitamzuia. Nilikuwa natoka shule kabla Baba na Mama hawajarudi, ufunguo shingoni. Nilikuwa nafungua kisanduku, natoa kitu, nakipa kazi. Nilifikiri kitu chenye kazi hakiwezi kusafiri. Kikasha cheusi kinachong'aa, chenye majani ya dhahabu juu yake, nilikitia penseli nikakificha chini ya mto wangu. Chombo kirefu cha maua nikakitia miswaki, nikakisukuma nyuma ya ndoo bafuni. Sahani ya samaki wa buluu niliipanga katikati ya sahani zetu za kila siku. Visanduku vitupu nilivifunga tena, nikavirudisha kabatini. Tatizo lilikuwa fundo. Baba alikuwa na fundo lake, bapa, la pembe nne, lililokaa katikati ya kifuniko kama limechorwa. Mimi nilijua fundo moja tu, la viatu.

Jumapili iliyofuata akatoa kisanduku cha kwanza, akakitazama. Akatoa cha pili.

"Divine," akaita. "Nani amefunga hii kama kiatu?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Panya," Mama akajibu kutoka jikoni. Alikuwa ameshaiona sahani ya samaki, baadaye ndiyo nilijua, na alikuwa akisubiri vituko.

"Panya wa darasa la ngapi?" Baba akauliza, anacheka. Akafungua, akakuta patupu, kicheko kikakatika. Akanigeukia. Mimi nikaangua kilio, kile cha kamasi na kwikwi.

"Sitaki uende!"

"Niende wapi?"

"Unafunga vitu! Kila Jumapili unafunga! Mama ya Gloria alifunga, na wakaenda!"

Jikoni kisu kikaacha kugonga ubao.  Baba akapiga sakafu pembeni yake kwa kiganja, akisema njoo, nami nikaenda, nikakaa, akanifuta pua kwa kile kitambaa chake cha thamani.

"Sikia," akasema. "Siku tuliondoka Bujumbura, weye ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Unajua tulifunga nini? Hatukufunga hata kijiko. Maharagwe yalibaki kwenye sahani, iko na moto bado. Mlango tuliacha wazi. Mtu anayekimbia hafungi, mwanangu, nafasi ataipata wapi? Mimi nafunga kwa sababu nakaa."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine alinipata kwa kunifundisha fundo. Kamba inapita chini ya kisanduku, inavuka, inapanda juu, ncha mbili zinakumbatiana halafu zinalazwa, usivute kwa nguvu, ngoja ikae yenyewe. Mikono yake ilikuwa juu ya yangu, na ilikuwa imekuwa ya njano mpaka kwenye kucha. Mama alikuja akasimama mlangoni pa jiko, kisu mkononi, ganda la kiazi linaning'inia. "Mkimaliza kufunga kamba zenu, iko viazi huku," akasema. Lakini alisimama pale mpaka tukamaliza.

Baada ya hapo kazi ya kufunga ikawa yangu na yake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nasema bila aibu. Majira yetu hapa, mnayajua, ni mawili: joto, na ile baridi fupi ambayo watu wa bara wanaicheka. Baba aliyaheshimu yote mawili. Joto likija ilitoka sahani ya samaki, maana alisema ukiitazama unapoa. Baridi ikija lilitoka bakuli la chai, zito, jeusi, limepinda upande mmoja kama limeminywa likiwa bichi. Hilo alilipenda kuliko vyote. Uncle Percy alimwambia bakuli lisilonywewa linakufa, kwa hiyo asubuhi za baridi Baba alilishusha, akanywea chai yake ya maziwa na tangawizi, mikono yote miwili imelizunguka. Alininywesha mafunda mawili matatu. Chai ile ilikuwa na ladha ya moshi, au mimi ndiye niliyeitia moshi kwa kuikumbuka sana.

Kisha simu ikapigwa kutoka kwetu. Bibi, mama yake Baba, alikuwa mahututi, na alikuwa akimtaja yeye.

Karatasi zetu zilikuwa za ukimbizi. Zilisema sisi ni watu tusioweza kurudi kwetu. Ukirudi, umeonyesha kwamba unaweza, na hapa hawakupokei tena. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilisikia tu kupitia pazia.

"Ukitoka, nani atakurudisha?" Mama alisema. "Karatasi ya kukurudisha iko wapi?"

"Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani? Na huyu mtoto?"

"Wiki mbili tu. Namzika, narudi. Iko njia, watu wanapita. Sharp sharp." Alijaribu kulisema neno hilo la "hakuna shida" kwa mzaha, kama vijana wa Isipingo. Mama hakucheka.

Aliondoka asubuhi ya baridi. Mama alilichukua lile begi la nyuma ya mlango, akatoa karatasi zetu na sweta zetu, akampa lililobaki, na zile biskuti.  Baba alikuwa ameketi na bakuli lake anakunywa chai, gari likapiga honi chini, na aliyekuja kumchukua hakuwa mtu wa kusubiri. Akalirudisha bakuli juu ya kabati la televisheni, akanibusu kichwani, akashuka ngazi mbio, maana lifti ilikuwa imekataa. Nilimwona kutoka dirishani anavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, kulifuata gari, begi begani, hakutazama juu.

Nikageuka. Bakuli lilikuwa pale. Kisanduku chake kabatini, kitambaa chake kabatini. Moyo wangu uliruka kwa furaha.

"Mama!" nikamwambia. "Hakulifunga! Atarudi!"

Mama alikuwa amesimama mbele ya bakuli. Ndani mlikuwa na chai nusu, bado inatoa mvuke. Aliitazama ile chai, akanitazama mimi. Hakuimwaga mpaka siku ya tatu.

Alimzika mama yake. Kurudi akashindwa. Alijaribu njia ya Tanzania, akarudishwa. Akajaribu tena, fedha za watu zikapotea. Mwisho akafungua duka dogo la vyombo huko huko. Sisi, tungekwenda, yangetupata yale yale. Tukabaki na simu. Na kila simu, baada ya habari za shule na kanisa na mvua, aliuliza, "Mmebadilisha?"

"Bado, Baba."

"Ni Disemba, Divine. Watu wanatoka jasho huko. Toeni samaki."

Nilimwangalia Mama, na Mama alisema kwa sauti ya kusikika mpaka Bujumbura, "Mwambie aje abadilishe mwenyewe."

Hivyo bakuli la baridi likakaa nje joto na baridi, mwaka ukafuata mwaka. Mara moja Uncle Percy alipanda ngazi zote hizo, anahema, soksi zake vile vile, akasema angependa kununua mkusanyo wote, na angetupa bei ya haki. Mama alimpikia chai, akamwambia hapa si duka. Mzee akainua macho, akaliona bakuli katikati ya joto lile, feni inazunguka.

"Aunty," akasema, "it's summer."

"Najua," Mama akamjibu kwa Kiswahili, na mzee akaelewa.

Nilikua. Nilipata kazi ya ofisi Mobeni, mitaa miwili kutoka lile ghala. Nilipata karatasi nzuri zaidi, nikaanza kumwombea Baba viza aje hata kututembelea tu. Nilikuwa bado nasubiri jibu binamu yangu aliponipigia kutoka Bujumbura nikiwa kazini, mchana, makontena yanagongana nje mpaka nikamwomba arudie. Alirudia. Baba alikuwa amelala mchana baada ya kula, hakuamka.

Mwezi uliopita nilikwenda South Beach kumhamisha Mama, aje akae kwangu. Joto la kufa mtu. Tulifunga sufuria, tukafunga mapazia, vikombe tukaviviringa kwenye magazeti. Nilipofungua kabati, harufu ya manjano ikatoka, ikanikuta sijajiandaa, nikakaa chini. Mama akaendelea kufunga vijiko kama hajaona.

Kikabaki kimoja. Nikanyoosha mkono kulichukua bakuli pale dirishani, lilipowekwa kabati la televisheni liliposhushwa, gazeti mkononi.

"Acha," Mama akasema.

Akaja akaketi sakafuni, kwa tabu, magoti yake siku hizi hayakunjiki vizuri. Akalifuta bakuli kwa upindo wa kitenge chake, ndani na nje, polepole. Akaomba kitambaa. Akaomba kisanduku. Akalifunga, akaliweka, akafunika, akapitisha kamba chini, akaivusha, akazikumbatisha ncha, akazilaza, hakuvuta kwa nguvu. Fundo likakaa katikati ya kifuniko, bapa, la pembe nne. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Mimi na Baba tulikuwa sakafuni, yeye alikuwa jikoni na viazi.

"Mama, umejua lini?"

"Joto lote hili," akasema, kiganja chake kiko juu ya lile fundo, "bakuli la baridi la nini? Baba yako haoni baridi tena." Akapangusa uso kwa kitenge kile kile. "Haya. Toa samaki."

Nikaitoa sahani ya samaki. Meza zilikuwa zimeshashushwa chini, na kabati la televisheni pia, kwa hiyo tuliiweka sakafuni, katikati ya nyumba tupu, tukakaa nayo mpaka wale wa gari walipopiga honi.